Sichutami

Kiwandani walimwita Chachu, na jina likamganda mpaka mtaani. Waliomjua kwa mbali walidhani ni kwa sababu ya kazi yake ya kukanda unga kwenye tanuri la mikate. Waliokanda naye walijua zaidi. Mwanamke huyu ungeweza kumgandamiza mpaka chini kabisa, lakini ukigeuka tu, keshaumuka tena na kujaa bakuli.

Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye viganja vinene na sauti iliyozoea kushindana na mashine. Watoto wake walishakua, kila mmoja akaenda kutafuta maisha yake. Nyumbani alibaki na mumewe, aliyekuwa mpaka rangi wa magari kwenye gereji ya barabara ya nyuma, pamoja na mama mkwe wake, bibi aliyekaa chumba cha uani na kusikia kila kitu huku akijifanya hasikii.

Mumewe hakuwa mlevi wala mgomvi wa barabarani. Watu walimsifu kwa upole, nao hawakusema uongo. Tatizo ni kwamba upole wenyewe aliugawa wote nje, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Mambo yalianza kuchacha pale mwenye tanuri alipomfanya Chachu msimamizi wa zamu na kumpa na duka la mbele, ambako madereva wa mahoteli na wenye maduka walikuja kuchukua mikate. Huko nyuma alikuwa akienda kazini na gauni lolote, kwani kanzu ya kazi na vumbi la unga vilifunika yote. Sasa alitakiwa kusimama mbele ya watu. Akatoa kabatini magauni yake mazuri, akayapiga pasi, akaanza kuyavaa kwa zamu.

"Siku hizi unamvalia nani?" mumewe aliuliza asubuhi moja, akiwa anapiga mswaki.

"Naivalia kazi."

"Kazi ina macho?"

Chachu alicheka, akadhani ni utani. Hakuona kwamba mwenzake hakucheka.

Jumapili moja mchana alikwenda kuoga. Alipotoka bafuni, amejifunga upande wa kitenge kifuani, alikuta mlango wa chumba uko wazi na nguo zake zote zimelazwa kitandani. Alidhani mumewe kazitoa zipigwe jua. Akainua gauni la bluu la kola, lile alilolipenda kuliko yote, na mgongo wake ukafunguka kama pazia.

Zilikatwa zote, magauni, sketi, blauzi za mikono mirefu, hata shimizi. Wala hazikuraruliwa kwa hasira, jambo ambalo pengine angelielewa. Mumewe alikata kama anavyokata magazeti ya kufunikia vioo vya gari kabla ya kupuliza rangi, taratibu, kwa mstari, bila kukosea. Mahali pengine alikuwa ametoa utepe mzima wa kitambaa na kuukunja vizuri pembeni. Mkasi ulikuwa juu ya mto.

Chachu alikwenda sebuleni. Mumewe alikuwa kwenye kochi anasikiliza redio.

"Nguo zangu zimefanya nini?"

"Zimestaafu," akasema bila kugeuza shingo. "Na wewe pumzika. Kesho utakaa nyumbani kama wake za watu."

"Nimekuuliza, zimefanya nini?"

Mume akaongeza sauti ya redio.

Chachu alirudi chumbani na kukaa ukingoni mwa kitanda. Mbele yake, kwenye mlango wa kabati, ilining'inia suti ya mumewe, suti moja tu, nyeusi, ya harusi na misiba, nzima bila kasoro. Akauchukua mkasi, akasimama, akaupanua kwenye bega la koti. Mkono ulikuwa tayari, tena ulikuwa na hamu. Ila kichwani likamjia jambo moja. Akiikata suti hii, mtaani itakuwa hadithi ya mke na mume waliokatana nguo. Watu watacheka wiki nzima, kisha watasahau nani alianza.

"Hapana," akajiambia. "Hii iwe yake peke yake."

Akaufunga mkasi, akatafuta sindano.

Sasa, ushonaji haukuwa fani yake. Alijua kurudishia kifungo, na upindo ukifumuka aliushikashika, basi. Uzi mweusi ulikuwa umebaki mizunguko michache kwenye kigurudumu. Lakini jikoni kulikuwa na donge kubwa la uzi wa magunia. Gunia la unga hushonwa mdomo kwa uzi mnene mweupe, na anayejua ncha ya kuvuta hulifungua kwa mvuto mmoja, shrrr, uzi ukatoka mzima. Kwa miaka yote hiyo Chachu alikuwa akiubeba kwenda nao nyumbani, wa kufungia hiki na kile. Kulikuwa pia na magunia yenyewe, yale ya kitambaa ya zamani kabla hayajaja ya plastiki. Aliyafua akayafanya vitambaa vya kushikia sufuria. Maandishi yake ya bluu yalikuwa yamegoma kutoka.

Hakukaa chumbani. Alibeba nguo zote, akapita mbele ya redio, akaketi kwenye ngazi ya mlango wa mbele, mtaa mzima ukimwona, na kitenge chake kifuani. Akaanza na lile la bluu.

Uzi ulikuwa mnene na sindano nyembamba. Alilamba ncha, akaipindapinda, akatukana chinichini mpaka ikapita. Mishono yake ilikwenda kama kuku aliyepita kwenye majivu, mmoja huku, mwingine kule, myeupe juu ya bluu. Mgongoni, pale ulipotolewa utepe, kingo mbili hazikukutana. Akakata kipande cha gunia akakijazia hapo. Alipomaliza akakinyoosha magotini, akasoma onyo la wapakizi wa magunia lililoangukia katikati ya mgongo: USITUMIE KULABU.

Alikitazama kwa muda. Angeweza kukigeuza, maandishi yakae ndani. Akakiacha vilevile.

Mama mkwe alitokea uani, akaona lundo, akaona sindano, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Kafanya haya mwanangu?"

"Muulize, mama. Yuko ndani."

Bibi hakwenda kumuuliza. Alijitanda vizuri, akatoka, na baada ya kitambo akarudi na fundi cherehani wa pale kwenye kona, mwanamume mpole mwenye utepe wa kupimia shingoni. Fundi akalishika gauni la bluu, akaupitisha mshono vidoleni, akatabasamu kwa huruma.

"Hii mbona kazi ndogo, dada. Nipe nifumue. Nitaizamisha mishono, hata mwenyewe hutajua ilipopita."

"Umesikia, mwanangu?" bibi akadakia. "Hata mwenyewe hutajua."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo, mama. Mimi nataka kujua." Chachu akalichukua gauni lake. "Ikishonwa isionekane, itakuwa haikukatwa. Na imekatwa."

Fundi alimtazama bibi, akamtazama Chachu, akasikiliza redio iliyokuwa inapiga kelele ndani. "Mimi mambo ya ndani siyaingii," akasema akijiondoa. Alipofika barabarani akasita, akarudi hatua kadhaa. "Lakini dada, ukifika mwisho rudi nyuma mara mbili ndipo utie fundo. Bila hivyo uzi utachomoka ukiinama."

"Ahsante, fundi."

Bibi aliketi kwenye ngazi kando ya mkwewe. Akashusha sauti, akatumia ile ya kubembelezea mtoto mgonjwa. "Mwanangu, ya nyumbani ni ya nyumbani. Wahenga walisema, ukivuliwa nguo, chutama."

"Nimechutama sana, mama. Magoti yameota sugu." Chachu alivuta uzi mpaka ukalia. "Na yule aliyevua, wahenga walisema afanye nini?"

Bibi akafikiri. Alifikiri kweli, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo aliouweka mwenyewe.

"Naona walimsahau," akasema mwishowe.

"Basi mimi sichutami."

Kesho yake asubuhi Chachu alivaa gauni la bluu, limefuliwa, limepigwa pasi, likatoka ndani likiwa na makovu yake yote. Mumewe alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Alilitazama gauni, kisha akaitazama chai.

Njiani alisimama kwenye duka la mtaani kununua kipande cha sabuni. Wanaume wawili watatu walikuwa hapo wanasubiri chenji, na mwenye duka, mtu wa masihara, akamsoma mgongo kwa sauti.

"Usitumie kulabu! Eti mama, leo mzigo wenyewe unatoa masharti?"

Wakaangua kicheko. Chachu akageuka, hakununa wala hakutabasamu.

"Mume wangu alizikata nguo zangu zote jana ili nisiende kazini. Nimezishona, nakwenda kazini. Nipe ile sabuni ya bluu."

Aliyasema kama mtu anayesema mvua ilinyesha. Kicheko kikafa palepale. Mwenye duka alimpa sabuni kwa mikono miwili.

Kiwandani wenzake walimzunguka. Mmoja wao, mama mwembamba aliyeshinda naye mbele ya tanuri, alimvuta pembeni. "Ungesema umenaswa na seng'enge, shoga yangu. Mbona unajichoma mwenyewe?"

"Seng'enge gani inakata kwa mstari?"

Mwenye tanuri naye alimwita ofisini, chumba kidogo kilichojaa harufu ya hamira na karatasi. Hakumtazama usoni. "Chachu, duka la mbele linataka mtu nadhifu."

"Nguo ni safi, bosi. Imepigwa pasi."

"Unanielewa. Rudi kwenye kukanda kwa sasa, mpaka mambo yako ya nyumbani yatulie."

"Ya nyumbani nimeyaacha nyumbani. Hapa nimekuja na nguo tu."

Lakini bosi ni bosi. Chachu alivaa kanzu ya kazi juu ya gauni lake, akarudi kwenye beseni la unga. Hapo ndipo alipolia, kwa sababu mkasi haukuwa umemfikisha huko alikotaka mumewe, na sasa mtu mwingine ameumalizia kazi. Alilia huku anaupiga unga ngumi, mpaka mama mwembamba akamwambia, "Punguza, mwenzangu, mkate utatoka na chumvi." Wakacheka wote wawili, na machozi yakaendelea kutoka hukohuko ndani ya kicheko.

Kesho yake alivaa la pili. Lilikuwa baya kuliko la kwanza. Mkono wa kushoto alikuwa ameushonea kinyume, ukaelekea nyuma kama unaita mtu. Siku iliyofuata, sketi. Kila aliyeuliza alipewa jibu lilelile, kwa sauti ileile. Asiyeuliza hakuambiwa.

Habari haikukawia gereji. Wale wapiga nyundo na watengeneza breki hawakumgombeza mumewe, la hasha. Walimwomba tu kila mara, kwa heshima zote, "Fundi, tuazime mkasi." Akiinama kufunika kioo cha gari kwa gazeti, mtu hukohoa. Mwishoni mwa juma alirudi nyumbani jua bado liko juu, uso umemvimba kwa ghadhabu.

"Unanianika mtaani!"

Chachu alikuwa anakunja nguo sebuleni. "Nilichoanika ni nguo zangu. Wewe umejiona humo?"

"Vua hilo dude. Sasa hivi."

Bibi, kule uani, aliacha kufagia. Chachu hakuinua sauti. Alikwenda chumbani, akarudi na mkasi, akauweka juu ya meza katikati yao, mpini ukimwelekea mumewe.

"Kata tena. Uzi ninao wa kutosha, na njia ya kwenda kazini bado ninaijua."

Mpaka rangi aliutazama mkasi. Mkono wake ulisogea, ukapapasa mfuko wa suruali, ukarudi mahali pake. Mwishowe alitoka nje akabamiza mlango, na mlango, kwa kuwa haukufungika sawasawa tangu zamani, ukarudi ukafunguka wenyewe.

Baada ya hapo alijaribu njia nyingine. Alileta gauni jipya, limekunjwa kwenye mfuko unaong'aa, lina lebo yake shingoni. Akaliweka kitandani bila neno. Chachu alilishika, akakisifu kitambaa chake, akalitundika kabatini. Asubuhi akatoka na lile la mkono unaoita watu.

Ikabidi ukoo uitwe. Kaka mkubwa wa mume alikuja, mtu wa kitambi na maneno marefu, akafuatana na dada yake. Walijaza makochi, wakanywa chai. Kaka mkubwa akasafisha koo.

"Shemeji, tumesikia. Kijana alikosea, hatukatai. Lakini nguo mpya amekununulia, nzuri kuliko zile. Unataka nini tena? Mwanamke mwenye heshima hatembei umevaa ugomvi wa nyumba yako."

"Gauni ni zuri, shemeji," Chachu akasema. Alikuwa amevaa la bluu. "Lakini sikuomba gauni. Nilimuuliza mwenzangu nguo zangu zimefanya nini. Aliongeza sauti ya redio. Mpaka leo sijajibiwa."

"Hayo ni madogo."

"Kama ni madogo, ajibu tupumzike."

Kaka mkubwa alifungua mdomo aendelee, ila sauti iliyotoka ilitokea mlangoni, kwa bibi, ambaye hakuna aliyemkaribisha kwenye kikao.

"Mjibu," alimwambia mwanawe.

"Mama, na wewe?"

"Na mimi. Chai mmekunywa, biskuti mmekula. Jibu bado. Mjibu mwenzio."

Mpaka rangi aliinamisha kichwa. Aliviangalia vidole vyake, vyenye rangi ya magari ya watu iliyokataa kutoka kwenye kucha. Dada yake akaanza kukunjua na kukunja leso.

"Nguo hazikufanya kitu," akasema hatimaye. "Nilikuwa namwona anatoka asubuhi amependeza, anacheka na watu huko mbele, msimamizi. Nikaona anakwenda mahali ambapo mimi si mtu. Nikazikata. Nilijua ninachofanya. Sikuwa na hasira hata."

Chachu alihisi kitu kifuani kinalegea, wala hakikuwa msamaha. Kilikuwa kama pale unapobeba gunia kichwani kwa muda mrefu, mtu akalishusha, na shingo bado inauma.

"Haya basi," kaka mkubwa akapiga paja. "Amesema. Yamekwisha!"

"Hayajaisha, shemeji." Chachu alimgeukia mumewe. "Nimekusikia, na ahsante kwa kusema kweli. Sasa nenda kakae kwa kaka yako, mpaka nitakapoweza kulala kitandani kwangu bila kuwaza mkasi uko wapi. Mama ana chumba chake hapa, haendi popote."

Kaka mkubwa aliyekuwa amesimama kuaga aliketi tena. "Kwangu?"

"Kwako. Si umesema hayo ni madogo?"

Bibi alikohoa, na kikohozi kile kilifanana sana na kicheko.

Duka la mbele lililetewa kijana mmoja nadhifu mno, shati linang'aa, aliyewapa madereva mikate ya wenzao na kuwaambia wateja wasubiri. Madereva walivumilia, kisha wakaanza kumuulizia yule mama. Mwenye tanuri alikuja mwenyewe kwenye chumba cha kukandia, akasimama kando ya beseni.

"Chachu, rudi mbele."

"Na gauni hili?"

Akalitazama gauni, akatazama mlango, akapandisha mabega. "Na gauni hilo."

Alirudi. Nguo zile alizivaa mpaka zikachakaa kihalali, kwa jua na sabuni, zikawa vitambaa vya kupangusia meza. Akanunua nyingine za kuchagua mwenyewe. Mumewe bado yuko kwa kaka yake. Hufika siku za mapumziko, hupiga hodi kwenye mlango aliouwekea bawaba mwenyewe, huketi, hunywa chai, humsalimu mama yake, huondoka kabla ya giza. Wapo wanaomuuliza Chachu kama ameshasamehe. "Ninamwangalia kwanza," huwajibu.

Kitu ambacho hakukitaka ni umaarufu wa ushonaji. Wanawake walianza kumletea nguo zilizopasuka, naye huwatimua. "Mimi? Mmeona mshono wangu? Nendeni kwa fundi pale kwenye kona, msiharibu vitambaa vyenu." Na kweli huenda.

Lakini Jumamosi moja alasiri alikuja mke wa dereva mmoja wa pale tanurini, mwanamke kijana, blauzi imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Chachu alikuwa na maneno yake tayari ya kumrudisha. Akaifungua blauzi kwanza. Kola ilikuwa imeng'oka pamoja na kitambaa cha kifua.

"Imenaswa na msumari," yule mwanamke akasema haraka.

Chachu aliigeuza upande wa pili, akaona mahali vifungo viling'oka na vipande vya kitambaa. "Msumari una vidole siku hizi?"

Chachu akasogea pembeni kwenye ngazi, akampisha nafasi. "Mimi sijui kushona, na nakuambia ukweli. Lakini kaa. Shika sindano mwenyewe, nitakushikia kitambaa."

Walikuwa wamefika nusu ya kola gari la mikate liliposimama mbele ya nyumba na kupiga honi, mara moja, halafu mfululizo. Mke wa dereva akaruka, akaanza kukusanya vitu vyake. Chachu akamwekea mkono begani, akamkalisha. Kisha akainuka, akajipangusa vipande vya uzi kwenye sketi, akashuka mpaka kwenye dirisha la gari.

"Zima honi," alimwambia dereva. "Mkeo hajamaliza."

"Nyumbani kuna kazi."

"Hata hapa ipo. Akimaliza atakuja mwenyewe, akitaka."

Dereva alimtazama. Kila asubuhi alipokea mikate kutoka mikononi mwa mama huyu, na alijua kwamba hababaiki. Akaizima honi. Chachu akapanda ngazi, akaketi, akakishika kitambaa pale alipokuwa amekiachia.

"Endelea," akamwambia mke wa dereva. "Polepole. Vuta uzi wote, usiogope unavyolia."